Kuni za Mgeni

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mombasa kutafuta maisha, na nikayatafuta kwa muda wa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa nimesharudi kwetu, upande wa Jilore, nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka. Niliwaambia watu kwamba mji ule una joto. Walionijua walinyamaza kwa adabu. Mama, anayenijua kuliko wote, alisema mji hauna kosa lolote, ila hauna mlango wa jikoni unaotazama uani kwetu.

Sikuweza kubisha. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikuwa Malindi mahotelini, wengine Gongoni wakisomba chumvi kwenye jua lisilo na huruma, na walipokuja kutembea na viatu vyao vipya walinikuta pale pale waliponiacha. "Huyu msimsumbue," walikuwa wakisema, "akiinuka nyumba itaanguka upande mmoja."

Basi miaka hiyo ya themanini, bwana wa misitu alipokuja barazani kwa chifu akitaka kijana anayejua kusoma na kuandika, tena anayepatikana nyumbani kila siku bila kukosa, baraza zima liligeuza shingo kunitazama. Sijawahi kuchaguliwa kwa kauli moja namna ile, si kabla wala baada.

Bwana yule alikuwa mtu wa bara, mpole, shati lake la kaki limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kumenya muhogo. Alitueleza kwamba siku hizi dunia nzima inapimwa. Kila nchi inaulizwa miti inayokatwa ni kiasi gani na inayoota ni kiasi gani. Anayekata zaidi ya kinachoota ni kama mkulima anayekula mbegu: mwaka huu atashiba, mwaka ujao atatafuta wa kumlaumu. Kwa hiyo ni lazima ijulikane kila nyumba inachoma kuni ngapi kwa siku, kuanzia na kijiji chetu kilichopakana na msitu wa serikali.

Mama mmoja akauliza lile swali lililokuwa vichwani mwetu sote. "Na mkishajua, mtafanya nini?"

Bwana alikohoa kidogo. Alisema ikionekana tunachoma kupita kiasi, basi ujia wa msituni utafungwa.

Ujia huo ndio waliopita wanawake wa kwetu Jumanne na Jumamosi, kwa ruhusa, kwenda kuokota kuni kavu. Ukifungwa, pa kwenda palibaki ng'ambo ya mto, nusu siku kwenda na kurudi, na katikati mamba ambao hawakuwa wamealikwa barazani kutoa maoni. Goti la kulia la mama yangu lilikuwa limemtangulia kuzeeka. Msituni aliweza kufika, polepole. Ng'ambo ya mto asingeweza. Nilimwona pale barazani akilishika goti lake kwa kiganja, bila yeye mwenyewe kujua.

Nikapewa mizani ya ndoana, ile ya kutundika, yenye uso wa mviringo kama saa na mshale mmoja. Nikapewa na daftari lenye jalada gumu. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Asubuhi napima fungu la kuni, mwenye nyumba anapika kwa fungu hilo tu, kesho yake napima kilichobaki. Kilichopungua ndicho kilichoteketea. Nilipewa nyumba kumi na mbili kwa wiki nne. Kwetu nilikuweka kuwa nyumba ya mwisho, ili nikimaliza kazi niwe nimeshafika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Si bibi yangu wa kunizaa, lakini kwetu bibi yeyote ana haki ya kumtania mjukuu yeyote, na huyu hakuwahi kuiacha haki yake ilale njaa. Alikuwa akiishi peke yake, na aliniita mume wake tangu nilipokuwa natambaa.

"Hodi, hawe."

"Karibu, mume wangu. Leo umeniletea mahari gani?"

"Shikamoo. Nimekuletea mizani."

"Marahaba. Mizani? Wenzio wanapima dhahabu, wewe unapima kuni? Babu yako alinipima mimi, tena kwa macho tu, na hakukosea hata kidogo."

Nikatundika mizani kwenye boriti, nikafunga kuni kwa kamba, nikasoma mshale, nikaandika. Hawe alinitazama ninavyoandika kama anayemtazama daktari akiandika dawa.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika ulichonacho, hawe."

"Basi kaa. Hapa hutoki na mdomo mkavu."

Akawasha moto. Chai ya rangi yenye tangawizi, na muhogo wa kuchemsha uliopasuka wenyewe kwa ulaini. Nikala. Tukiwa tunakula, lori likapita barabarani limebeba magogo ya mbambakofi, manene kama ng'ombe waliolala, likielekea Malindi. Vumbi likatufikia mpaka kwenye vikombe.

"Na hilo, mume wangu," hawe akasema, "utalitundika lini kwenye ndoana yako?"

Nikamweleza, kwa sauti ya ofisi niliyoianza asubuhi ile, kwamba lori halimo katika nyumba kumi na mbili.

"Ahaa," akasema. "Halina mafiga."

Nyumba ya pili nilikuta uji wa mtama. Ya tatu, mahindi ya kuchoma, na mwenye nyumba aliona haya kwamba ni mahindi tu, kesho yake akakaanga samaki. Nyumba ya tano walisikia habari za samaki wa nyumba ya tatu, wakachinja jogoo. Nikikataa, naulizwa kama nyumba hii inanuka. Nikila kidogo, naulizwa nani amenishibisha na amepika nini, na jibu linachukuliwa kuwa ni changamoto. Nilijitahidi kuwa mwadilifu, nikala kila mahali sawasawa.

Wiki ya pili suruali yangu ya shule ilikataa kifungo. Wiki ya tatu wanawake waliniona natoka kichochoroni wakaimba, "Karani wa kuni! Anapanda yeye, zinashuka kuni!" Nilicheka nao. Sikusikia walichosema. Naam, mtu mwenye cheti cha kidato cha nne aliambiwa jibu la hesabu yake kwa wimbo, mchana kweupe, akaitikia kiitikio.

Lakini kuandika niliandika. Nilikuwa mwaminifu mpaka nusu kilo. Kila siku, kila nyumba, mwandiko wa kulala upande, mistari nimeichora kwa rula. Wiki nne zilipokwisha nilijumlisha, nikagawanya, nikapeleka daftari kwa bwana wa misitu kwenye kambi ya chifu, nikasimama kando nikisubiri kusifiwa.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia. Akavua miwani.

"Huyu bibi wa nyumba ya kwanza anakaa na watu wangapi?"

"Peke yake, bwana."

"Peke yake! Na anachoma kuni kama shule ya bweni? Anapika nini?"

"Chai, bwana. Muhogo. Wakati mwingine maharagwe ya nazi."

"Hayo yote ni ya nani?"

Hapo mlango wa jibu ulikuwa wazi kabisa, ungetosha kupita na punda. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba labda mafiga yake yamekaa mahali penye upepo.

Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa, akatazama upande wa msitu kwa muda, kama mtu anayetakiwa kumwambia rafiki yake habari ya msiba. Akasema hesabu ni hesabu. Mwisho wa mwezi angepeleka ripoti Nairobi, na kwa tarakimu hizi, ujia utafungwa.

Nilirudi nyumbani miguu mizito, na uzito huo haukuwa wa huzuni peke yake. Mama alikuwa uani anamenya muhogo, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha, akachukua mwingine.

"Hebu nisomee," akasema.

"Nini?"

"Hicho kitabu chako. Nyumba moja moja."

Nilikuwa na nakala yangu. Nikamsomea, tangu kwa hawe mpaka ya kumi na moja. Kila nyumba alitikisa kichwa, si kwa kukubali.

"Na kwetu?"

Nikasoma. Akasimamisha kisu.

"Rudia."

"Kwetu ni nusu ya kwa hawe, mama."

"Hapa tuko watu saba."

"Ndiyo."

"Na hawe yuko peke yake na paka."

"Ndiyo."

"Juzi kwa hawe ulikula nini?"

"Chai. Muhogo. Na ndizi za kukaanga."

"Nyumba ya pili?"

"Uji, na mahamri mawili. Matatu."

"Na ulipofika hapa kwangu nilikupa nini?"

Nikafikiri. "Kiporo cha sima."

"Nilikiwashia moto?"

"Hukuwasha."

Mama aliweka kisu chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya leso, akanitazama tumbo, akaanza upya. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, kama moto uliomwagiwa maji.

"Mwanangu," akasema, "hukupima kuni za watu. Umepima tumbo lako. Hapa kwangu tu ndipo hukuwa mgeni, na hapa tu ndipo hesabu yako ni ya kweli."

Nikajitetea. Nikasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimezunguka wiki nne na hakuna aliyenionyesha hata mpini.

"Nani atampa jembe mtu wa serikali? Kila siku unaingia na mizani mpya, daftari jipya, salamu mpya. Kila siku ni siku ya kwanza. Tena unaandika mbele yao! Walidhani unaandika kuni peke yake? Kila mmoja aliona hayo maandishi yanakwenda Nairobi. Nani anataka ijulikane Nairobi kwamba kwake mgeni aliondoka bila chai?"

Nilikumbuka jinsi hawe alivyokuwa akiitazama kalamu yangu.

"Sasa utakwenda," mama akasema, akalishika lile goti, "umwambie bwana wako nani aliyeuchoma msitu."

Kesho yake nilikwenda. Njiani nilitayarisha hotuba iliyoanza na neno "kitaalamu". Nilipomwona nikasahau yote, nikasema tu, "Bwana, zile kuni ni zangu mimi. Walikuwa wananipikia."

Alivuta daftari. Akahesabu kurasa kwa kidole gumba.

"Yaani hii yote ni chai yako?"

"Na mahamri, bwana."

"Siwezi kuandika Nairobi kwamba msitu wa serikali umeliwa na karani wangu." Alitaka kukasirika, nilimwona anajaribu, lakini mdomo ulimsaliti upande mmoja. Akanipa wiki mbili nipime upya. "Na usile," akasema. "Hata maji ya moto usinywe."

Ni rahisi kusema ukiwa unatoka bara na pikipiki. Siku ya kwanza nilifika kwa hawe, nikapima, nikaandika, nikaaga. Akaniziba mlangoni.

"Umeoa kwingine?"

"Hapana, hawe. Ni amri ya kazi."

"Kazi gani inamkataza mtu chai ya mkewe? Mimi nimekukosea nini?" Na safari hii hakuwa anatania. Uso ulimshuka. Kikombe kilikuwa tayari mkononi, kimesafishwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Nilitoka pale nikiona afadhali ningekunywa pipa zima.

Ni mama aliyepata dawa. Alikwenda kisimani asubuhi, mahali ambapo habari husambaa upesi kuliko redio, akawaambia wanawake wote kwa sauti ya juu: huyu kijana wangu si mgeni tena. Amekuwa mtoto wa nyumbani katika kila nyumba. Msimpikie. Mpeni jembe. Ujia wetu umo tumboni mwake.

Wangeambiwa tu wasinipikie, wasingeweza. Mikono yao isingekubali. Lakini kunipa jembe! Walilipokea kama watu waliolisubiri wiki nne. Nyumba ya kwanza nilipalilia. Ya pili nilichota maji, safari tatu. Ya tatu nilipanda paani kubadilisha makuti, na mwenye nyumba aliyenikaangia samaki alisimama chini akisema, "Upande huu pia, baba. Na huu. Ulikula samaki wawili, nakumbuka." Nyumba ya tano waliniwekea shimo la choo nilimalizie, kwa heshima ya marehemu jogoo. Hawe alinipa shamba lake lote la muhogo.

"Lima, mume wangu," akasema akiwa kivulini. "Sasa ndiyo naona mahari."

Nilikuwa nikifika kwetu, nyumba ya kumi na mbili, sina hata nguvu ya kuinua mizani. Mama ananiletea kiporo. Nakila nikishukuru. Suruali ikarudi kwenye kifungo chake, kisha ikapita, nikaifunga kwa kamba ile ile ya kufungia kuni. Na tarakimu zilishuka. Kwa hawe mshale haukusogea kwa siku mbili nzima; alikuwa akila muhogo wa jana na embe, kama alivyokuwa akila siku zote kabla sijaja kumpima.

Bwana wa misitu alipoziona tarakimu mpya hakuziamini, na nisingemlaumu. Alisema atakuja mwenyewe kuona kwa macho yake. Akaja Ijumaa, na pikipiki yake, shati lake na mikunjo yake.

Sasa, mimi nilikuwa nimefanywa mtoto wa nyumbani. Yeye hakuna aliyemfanya.

Tulimkuta hawe uani kwake pamoja na mama na wanawake wengine wanne, na meko yako matatu. Wali wa nazi kwenye moja, kuku kwenye lingine, chai kwenye la tatu. Moshi ulikuwa unaonekana mpaka kwa chifu. Siku ya ukaguzi! Nilitaka kueleza, lakini bwana yule aliinua mkono ninyamaze. Alisimama akiyatazama yale meko, moja, mbili, tatu. Akakitazama kigoda kilichowekwa kwa ajili yake, kimefunikwa leso mpya.

"Karibu, bwana," hawe akasema. "Kaa ule."

"Mama," akasema taratibu, "hii yote ni ya nani?"

"Ni yako. Kwani unadhani sisi tunakula hivi?"

Akanitazama. Akachukua mizani mkononi mwangu, akapima mwenyewe fungu lililobaki, akauliza lilikuwa kiasi gani kabla ya kuwashwa. Akafungua daftari, kalamu ikasimama hewani.

"Nayo niiandike nyumba gani?"

"Iandike kwa jina lako, bwana," mama akamjibu. "Sisi tumeshaandikwa."

Bwana yule alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa bondeni na mvua na hana pa kukimbilia. Akaketi, akanawa, akala. Alikula vizuri sana. Alipofika kwenye paja la kuku lori likapita barabarani, limejaa magogo, na hawe akanyoosha kidole.

"Na lile linapimwa na nani?"

Aliacha kutafuna. "Lile lina ofisi yake nyingine, mama."

"Lina bahati," hawe akasema, akamwongezea mchuzi. "Ofisi yetu sisi inakuja kula kwetu."

Bwana aliumaliza mchuzi wake. Lakini alipoondoka hakuwasha pikipiki mara moja. Alisimama akitazama lile vumbi mpaka likatua.

Ujia haukufungwa. Barua ilikuja kwa chifu: Jumanne na Jumamosi kama zamani, kuni kavu tu, na asionekane mtu na shoka. Mizani ikarudishwa. Nilifikiri kutakuwa na vigelegele. Mama aliposomewa alisema, "Leo si Jumanne?" akachukua panga na kamba. Kisha akanigeukia nilipokuwa nimeketi kwenye kibaraza changu.

"Inuka. Umepima kuni wiki sita, hujui zinatoka wapi."

Ni kweli, sikujua. Nilikwenda nyuma yake. Yeye mguu wake ulikuwa ukiburuta, na bado alinishinda mwendo. Tulipoingia msituni alinionyesha mahali alipokuwa akiokota alipoletwa kwetu akiwa bibi harusi: pembeni kabisa, unasikia jogoo wa kijijini. Sasa palikuwa na visiki na nyasi. Tulitembea mbele, tukapita visiki vingine, vinene, vya msumeno, vya miti ambayo mwanamke wa kwetu asingeweza kuiangusha kwa panga. Na katikati yake visiki vyembamba, vya panga.

"Hivi je?" nikauliza.

"Hivi vyetu," akasema. "Bwana yule hakusema uongo, mwanangu. Alikosea kipimo tu."

Tuliokota mpaka jua likawa kali. Mama alifunga mzigo wake kwa fundo moja, akauweka kichwani, akasimama wima kama hakuna kilichotokea. Wangu niliufunga mara nne. Ulifunguka mara tatu. Hatimaye niliubeba begani, kichwani ukakataa, na tukatoka naye, mama mbele na lile goti, mimi nyuma na aibu yangu.

Tulipofika uani nikautua kwa kishindo ili usikike mzito kuliko ulivyo. Mama aliuinua kwa mkono mmoja, akaupima hivyo hivyo, bila ndoana.

"Umejitahidi," akasema. "Huu utachemsha chai ya mgeni mmoja. Tena awe hana njaa."